Leba ya chumba kimoja, vitanda 3: msindikizaji ataingiaje?

mkunga_pangani
Salaam wakunga wenzangu. Leba ni chumba kimoja, vitanda 3, pazia hakuna. Wazazi wanaomba kuingia na mama zao au shangazi zao, lakini wa kitanda cha pili anabaki wazi kwa mgeni. Mnafanyaje?

Bi_Doti
Anza na khanga, halmashauri utaisubiri sana. Doti isiyokatwa ina urefu wa kama mita 3, ila kwenda chini ni mita moja na kidogo. Kwa hiyo waya wa kuitundika usipite mita 1.7 kutoka sakafuni. Ukiupandisha, uwazi unabaki palepale kwenye godoro. Pandanisha mbili, maana moja huonyesha kivuli taa ikiwaka. Weka za akiba, khanga ikirukiwa damu iondolewe hapohapo. Na geuzeni vitanda, miguu isitazame mlango!

Sista Makorora
Msindikizaji awe mmoja, na mzazi ndiye amchague. Muulize akiwa peke yake. Mbele ya mkwe atajibu "sawa" tu. Kisha mpe mtu huyo kazi: kusugua kiuno, kunywesha uji, kumtembeza, na akae upande wa kichwani. Asiye na kazi ndiye anayechungulia kwa jirani. Shirika la Afya Duniani limependekeza msindikizaji tangu zamani, na mwongozo wake wa 2018 unataka pia mzazi ale, anywe na ajichagulie mkao, hata kuchuchumaa.

mkunga_pangani
Ahsanteni. Waya upo. Na wale wanaolia wakishonwa msamba?

Sista Makorora
Hapo dada ni ganzi, wala si uoga wa mzazi. Lignokaini ya asilimia 2 sehemu 1, maji ya chumvi ya dripu sehemu 3, unapata asilimia 0.5, ml 10 kwa kawaida zinatosha. Vuta bomba la sindano kwanza, ukiona damu usisukume dawa. Kosa kubwa ni kuchoma na kushona papo hapo. Subiri dakika 2, bana ngozi kwa koleo. Akihisi, subiri dakika 2 zaidi.

Bi_Doti
Na kuongeza njia (kukata msamba) kusiwe desturi kwa kila mzazi wa kwanza. Heshima kwa wazazi inataka makubaliano: katika Mradi wa Staha, uliohusu heshima kwa wanaojifungua, kule Korogwe na Muheza, mkataba wa huduma ulijadiliwa na wanavijiji pamoja na watumishi. Mkibandika wenu ukutani bila kikao, utageuka pambo.