Mmetuwekea lami mtaani mkatuachia spidi ya 50, mnataka tuvunjike wangapi ndo mlete tuta?

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi una povu, asiyetaka povu apite kushoto.

Niko Mbeya. Mtaa sitautaja maana nikiutaja na ofisi itajulikana halafu mods wafute, ila wana Mbeya mtaujua aina yake, ni hii mitaa inayopanda kutoka barabara kuu kuelekea mlimani, zamani ilikuwa vumbi na makorongo matupu. Tukalia weee miaka, mwisho wa siku tukawekewa lami. Watu wakashangilia, kina mama vigelegele, diwani akapiga picha. Sasa kumbe kilichokuwa kinawazuia madereva kukimbia ni yale mashimo, mashimo yameondoka na hakuna kilichowekwa badala yake. Tuta hakuna, zebra hakuna, njia ya miguu hakuna, pembeni wameacha mtaro wazi unaomeza mtu mzima, kwa hiyo mtoto, bibi, mama mwenye beseni la ndizi, wote wanatembea humohumo kwenye lami na magari. Kibao cha spidi hata kimoja hakuna, juu mpaka chini.

Afu ndo ikaja hii ya kutanua barabara kuu njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi. Sikatai, ni jambo jema na tumeisubiri sana, ila foleni ya Mafiati na Kabwe mnaijua, kila mwenye Noah na IST amejifunza njia za panya na njia ya panya yenyewe ndo sisi. Asubuhi wanapita kama wamefukuzwa, lori za mchanga nazo humohumo. Na bajaji sasa, hao ndo usiseme, wakifika pale juu wanazima injini wanashuka frii ili kubana mafuta, yaani husikii mlio wowote, unasikia upepo tu kishafika. Mvua ikinyesha lami ikaloa, au Juni hii ukungu ukishuka saa moja asubuhi wakati watoto wanaenda shule na vidumu vyao vya maji, mimi nikiwa dukani moyo unakuwa juu mpaka saa mbili.

Sasa nisikilizeni hapa. Mtoto wa darasa la pili kagongwa na bodaboda mbele ya duka langu. Alikuwa anavuka, kidumu mkono mmoja ufagio mkono mwingine, boda anatoka juu, mtoto chini, kidumu kimepasuka, mguu umevunjika chini ya goti. Namshukuru Mungu ni mguu. Watu wakataka kumpiga yule boda, mjumbe akaingilia, wakakaa wakaelewana, boda akaandikishwa kwenye karatasi ya daftari kwamba atalipa matibabu yote, mjumbe akagonga muhuri wake, yakaisha. Polisi hawakwenda. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hawakuchukua, maana wazazi wanasema tukichukua PF3 ni kesi, kijana anawekwa ndani, pikipiki inashikiliwa, sasa hela ya hospitali itatoka wapi? Kule walikompeleka wakasema mtoto kaanguka kwenye mparachichi. Ndo imeandikwa hivyo kwenye faili, kaanguka kwenye mparachichi.

Mimi na wenzangu wawili wa mtaa tukaenda ofisi inayohusika, na barua yetu ina sahihi za watu na muhuri wa mwenyekiti. Tunaomba vitu viwili tu, kibao cha 30 na matuta. Kijana wa watu pale mapokezi ya mhandisi ni mstaarabu kabisa, katupa viti, kaisoma barua, halafu anatuambia "mama zangu, pale kisheria ni 50, kushusha lazima tufanye tathmini kwanza, na kwa takwimu za ajali tulizonazo mtaa wenu hauna ajali."

Hauna ajali!

Si ndo hapo nikaelewa, sisi Mbeya watoto wanavunjwa miguu na maparachichi. Ajali inayojulikana ni ile iliyofika polisi, na inayofika polisi ni ile ya maiti au ya gari na gari wakigombea bima. Boda kumgonga mtoto, bajaji kumparua bibi wa watu, zote zinaishia kwa mjumbe kwenye karatasi ya daftari. Kwa hiyo mnaposubiri takwimu mnasubiri maiti, semeni hivyo tu tujue moja, tuache kupoteza nauli.

Na hiyo 50 yenyewe ngoja niwaambie. Nimerudi nyumbani nikaitafuta. Ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, maeneo ya makazi mwisho 50, malori makubwa na mabasi nje ya makazi mwisho 80. Ni ya 1973 wakuu, enzi hizo bodaboda hata jina lake halijazaliwa. Hiyo 50 hakuna mtu alikuja mtaani kwetu akapima mteremko akasema hapa 50 inafaa, ni namba ya nchi nzima, inakaa popote ambapo hakuna kibao kinachosema tofauti. Kikisimama kibao cha 30 inakuwa 30. Sasa hiyo "kisheria ni 50" mtu anaitamka kama vile ni ya msahafu!

Cha kuchekesha, toka hapa uelekee Igawa, Inyala, Igurusi, Chimala, kila kijiji kibao cha 50 kipo na trafiki na tochi yake ya kupimia spidi yuko chini ya mti, ukipita na 56 umeshapigwa mkono, faini elfu 30, namba ya malipo hiyo hapo. Sisemi wasikae, wakae tu, watu wa vijijini nao ni watu. Ila huku mtaani ambako watoto wamejaa barabarani tochi sijawahi kuiona hata kwa bahati mbaya.

Halafu kijana akaongeza eti "tukishusha bila kupima spidi ya magari, madereva hawatatii". Hii ya kupima nikamuuliza mtoto wa dada yangu anayesoma uinjinia wa ujenzi, akanielewesha vizuri tu. Kuna njia ya wenzetu, hasa Marekani, mtu anakaa na kifaa anapima magari yanavyojipitia yenyewe, anatafuta ile spidi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi, basi hiyo ndo inasogezwa inakuwa spidi ya barabara. Mnaelewa maana yake? Madereva wakikimbia zaidi na kibao kinapanda, wao ndo wanapiga kura na mguu wa kulia. Yule mtoto wa kidumu hapimwi, bibi aliyeamua siku hizi asivuke kabisa hapimwi. Na hao Marekani wenyewe mwongozo wao mpya wa 2023 umeilegeza hiyo, unataka waangalie na watembea kwa miguu na mazingira ya barabara. Sasa sisi ndo tunaitaka leo?

Hesabu ni ndogo, hata mimi wa duka nimeiweza. Gari likiwa kwenye 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mpaka amuone mtoto na mguu ufike kwenye breki sekunde moja imekwenda, na huyo ni dereva mzima hana simu mkononi. Mwenye 30 kwenye sekunde hiyo katembea mita 8 na kitu, na breki zikishika pakavu anasimama ndani ya mita 5 au 6 nyingine. Jumla mita 13, 14. Kwa hiyo pale mwenye 30 ameshasimama, mwenye 50 ndo kwanza mguu unagusa breki, yaani hajapunguza hata moja! Anamkuta mtoto na 50 yote. Na hapo ni tambarare pakavu, hujaweka mteremko wetu, hujaweka mvua, hujaweka bajaji ya frii yenye breki za kubahatisha.

Na mnachookoa ni nini? Mtaa wetu toka barabara kuu mpaka juu hauzidi kilomita moja. Kwa 50 ni sekunde 72, kwa 30 ni dakika mbili. Tofauti sekunde 48. Muda wa kumsubiri konda akutafutie chenji.

(Naongezea hapa maana comments zimeanza kuwa nyingi)

Mkuu uliyesema "hayo ni mambo ya Ulaya", sawa, Ulaya wamefanya kweli. Graz kule Austria mitaa yao ni 30 tangu 1992. Hispania Mei 2021 walibadilisha nchi nzima, mtaa wenye njia moja kwenda na moja kurudi ni 30, njia mbili mbili ndo 50, Paris nao wakafuata Agosti mwaka huohuo. Wales walishusha Septemba 2023 na madereva wakapiga kelele kweli, wakajaza malalamiko bungeni karibu nusu milioni ya sahihi, kwa hiyo usidhani huko wazungu wanapenda kupunguzwa spidi, dereva ni dereva tu. Ila mbona unaruka Dar? Dar shule za msingi kibao zimetengenezewa njia za miguu, matuta na vibao, shirika la Amend ndo walisimamia, na mwaka 2019 ile kazi ikapewa tuzo ya dunia ya mambo ya miji, inaitwa WRI Ross. Vitu vyenyewe zege na rangi, sio roketi. Dar sio Ulaya, ni hapo tu ukipanda basi alfajiri jioni umeshuka.

Na wewe unayesema kibao hakisaidii kitu, wataking'oa waende kuuza skrepa. Hapo nakubaliana na wewe nusu. Kibao peke yake kinapunguza kidogo sana, mtu anakipita kama hakioni, na chuma chakavu kweli huku kina wateja. Ndo maana barua yetu inasema kibao NA matuta, na yapangwe kwa mfuatano, sio tuta moja pale chini mtu akilivuka anafidia kwa kukanyaga mafuta. Juu ya mteremko ndo liwepo la kwanza kabla frii haijakolea. Rasta, vile vituta vyembamba vya mfululizo, hatutaki, rasta kwenye makazi ni kelele usiku kucha na bodaboda wanapita pembeni.

Aliyeshauri tujenge tuta wenyewe, ndugu yangu tulishajenga. Vijana walichanga saruji, wakamwaga usiku, hawana kipimo, likatoka tuta kali limesimama kama kaburi. Kesho yake asubuhi IST ya mwalimu imeacha eksozi pale. Halafu hiyo ofisi ambayo haina bajeti ya kuleta tuta, bajeti ya kuja kulivunja ilipatikana ndani ya wiki hiyohiyo, na gari na mafundi na kiongozi wa msafara. Mwee!! Yaani kuvunja hakukuhitaji tathmini wala takwimu.

Kinachoniuma zaidi ni kurushwarushwa. Ukienda hapa wanakuambia barabara kuu ni ya wengine, za mitaa ni za wengine, spidi waulize trafiki, trafiki wanakuambia sisi tunasimamia kilichowekwa hatuweki sisi. Diwani anasema lipo kwenye vikao. Kila mtu ana kipande chake na hakuna mwenye tuta. Na lami ile wakati inachorwa kwenye karatasi kulikuwa na mtu aliichora, alijua ni mteremko, alijua juu kuna shule, tuta na njia ya miguu vingewekwa siku ileile greda liko saiti na mkandarasi yuko saiti. Sasa hivi ndo inaonekana gharama.

Madereva wa humu msinishambulie, mimi mwenyewe mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, breki kufeli mteremko wa Mbalizi na Iwambi naijua kwa presha sio kwa kusimuliwa. Barabara kuu fanyeni mnavyofanya. Nazungumzia mtaani, mlangoni kwa watu.

Sasa naomba msaada wa kweli sio pole. Wa Iringa, najua Kihesa na huko Mlandege mnayo milima kama yetu, Makambako na Njombe pia, kama kuna mtaa ulifanikiwa kupata matuta au kibao cha 30 mlipitia mlango gani? Barua ilienda kwa nani na nakala kwa nani, mliambatanisha nini, ilichukua muda gani? Mwenye nakala ya barua iliyojibiwa afute majina aitupie hapa. Na mwenye ndugu muuguzi aniambie kama inawezekana kituo cha afya kutoa idadi tu ya watoto waliovunjika bila majina, maana nataka nirudi pale na hizo takwimu zao wanazozitaka, na safari hii mjumbe nimeshamwambia zile karatasi za daftari asitupe hata moja.