Bima wamekataa kulipia upasuaji wa sikio la binti yangu, wanasema ni shime sikio (kifaa cha kuvaa cha kukuza sauti). Naombeni ushauri (Mtwara)

MamaNasra_Chikongola

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie nikirefusha, jambo hili limenikaa kooni wiki nzima.

Nina binti wa miaka miwili na miezi mitatu. Tunaishi Mtwara mjini. Baba yake ameajiriwa kampuni binafsi na bima yetu ya afya inatoka hapo kazini, kadi nne, yake, yangu na za watoto wawili. Huyu mdogo alizaliwa salama, akakaa na kutembea kwa wakati wake. Maneno ndiyo hayakuja. Kila nikisema naambiwa hata baba yake alichelewa kuongea.

Desemba mwaka jana ilinyesha mvua usiku, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka hamsikilizani chumbani. Kaka yake aliamka analia. Yeye alilala vilevile, ameshika pindo la kanga yangu. Nikachukua sufuria nikaigonga kwa mwiko karibu na kichwa chake. Hakugeuka. Mwezi huohuo tulikwenda Kitangari kwa bibi yake kwenye jando, ngoma zilipoanza akakimbilia ngoma kubwa, akabandika viganja na shavu kwenye ngozi, anacheka. Watu wakafurahi, mtoto anapenda sindimba. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Tulianzia hospitali ya mkoa, Ligula, tukapewa rufaa ya Dar. Kikafanyika kile kipimo cha kuweka kipira sikioni, kisha kile cha kumlaza na kumbandika nyaya kichwani, ABR. Masikio yote mawili hayakuonyesha jibu hata kwa sauti ya desibeli 90. Akavalishwa shime sikio miezi minne, hakuna kilichobadilika. Daktari akaandika apandikizwe kifaa ndani ya sikio. Gharama tuliyotajiwa ni zaidi ya milioni 30 kwa sikio moja.

Bima wamejibu kwa mstari mmoja: "Shime sikio na vifaa saidizi havimo kwenye mafao ya mwanachama." Nilipopiga simu nikaambiwa dada usijisumbue, jibu ni hilo.

Mume wangu anataka kuuza kiwanja chetu cha Naliendele. Kabla hatujafika huko, kuna yeyote humu ambaye bima ilimlipia? Tuhame bima? Naombeni msaada.

Kipepeo wa Newala

Pole sana dadangu. Usiuze kiwanja bado, subiri wenye ujuzi wapite hapa. Nami naufuatilia uzi.

Mpitia Madai

Mama Nasra, nimekaa upande wa pili wa meza miaka tisa nikipitia madai ya bima ya afya, kwa hiyo nitaandika ninachokijua.

Kilichokukwamisha ni hilo neno shime sikio. Aliyepokea karatasi zako aliona "kusikia", akafungua ukurasa wa vifaa saidizi ambako wamepangwa miwani, meno bandia, magongo na shime sikio, akakataa. Ukurasa wa upasuaji hakuufikia. Shime sikio huvaliwa nje na kazi yake ni kukuza sauti. Hiki alichoandikiwa mwanao kina sehemu mbili. Moja inavaliwa nje, ina kipaza sauti, inanasa sauti na kuichakata. Nyingine inawekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio kwa nusu kaputi, na uzi wenye vielektrodi unapitishwa mpaka ndani ya koklea, kile kijumba kilichojikunja kama konokono, ili usisimue mshipa wa fahamu moja kwa moja. Kwa lugha ya bima hicho ni kipandikizi cha ndani. Jirani zake ni nyonga bandia, vyuma vya mifupa na betri ya moyo. Ukikubali kuitwa shime sikio umeshashindwa kabla hujaanza.

Sasa fanya hivi. Mwambie mumeo aende kwa afisa rasilimali watu aombe mkataba wenyewe wa bima. Kile kijitabu mlichopewa na kadi hakitoshi. Asome sehemu ya upasuaji, ya vipandikizi vya ndani kama ipo, na ya yasiyolipiwa. Huko mwisho angalia kama wametaja magonjwa ya kuzaliwa nayo, maana wakibanwa kwenye neno la kwanza watahamia hapo. Usimwombe daktari aandike uongo. Mwombe aandike alichopima: kiwango cha usikivu, muda aliotumia shime sikio na kwamba haikumsaidia, jina kamili la upasuaji, na kwa nini hauwezi kusubiri. Chanzo kama hakijulikani, aandike hakijulikani.

Kisha omba hospitali profoma, yaani makadirio ya gharama, iliyogawanywa. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanapeleka tarakimu moja kubwa na inakataliwa kama ilivyo. Iandikwe picha ya CT peke yake, upasuaji na dawa ya usingizi peke yake, wodi peke yake, sehemu ya ndani ya kifaa peke yake, sehemu ya nje peke yake, mazoezi ya kuongea peke yake. Nimeona dai likikataliwa kwa jumla likarudi vipandevipande, na zaidi ya nusu ikapita.

Barua ya rufaa andika wewe au mumeo, nakala iende kwa mwajiri. Mwajiri ndiye mteja anayelipa, na mkataba wa kampuni huhuishwa kila mwaka. Kauli yake ina uzito kuliko yako na yangu. Wakikataa tena, wataje kwa maandishi kifungu walichotumia. Ukiwa na barua hiyo unaweza kwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jibu la simu usilipokee. Simu haina muhuri.

Mnyasa_wa_Masasi

Mkuu hapo juu umesema yote. Naongeza tu kwamba Muhimbili walianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India na gharama ilikuwa mara mbili na zaidi. Mtu akikushauri ukakope uende India, mwulize kwanza kwa nini.

Mzee wa Mikindani

Mwanangu, nina umri wa kukuzaa, niruhusu niseme jingine. Mdogo wangu wa kike ni kiziwi tangu utotoni. Ana cherehani mbili Masasi, ana watoto watatu, anajenga. Sikukatazi upasuaji. Nasema huyo binti ana miaka miwili na hajui jina la maji. Bima wanaweza kukuzungusha mwaka. Katika mwaka huo mtoto atakuwa anaongea nini na nani? Anza kumfundisha lugha ya alama leo, wewe, baba yake, kaka yake na bibi yake. Mdogo wangu alipata alama akiwa na miaka tisa, na mpaka leo anasema miaka ile tisa alikuwa kama mtu aliyefungiwa stoo. Ulizia CHAVITA, chama cha viziwi, watakuelekeza.

Nesi_Kusini

Shikamoo mzee, umesema kweli, na alama hazizuii mtoto kujifunza kuongea baadaye. Familia nyingi zinaogopa hilo bila sababu.

Mama Nasra, mimi nipo wodi ya watoto. Kwenye barua ya daktari mkazo uwe kwenye umri. Ubongo wa mtoto hujifunza sauti kwa wepesi zaidi miaka ya mwanzo, ndiyo maana wataalamu wanapenda apandikizwe kabla ya miaka mitatu. Mtoto aliyezaliwa hasikii akipandikizwa akiwa na miaka minane, faida anayopata kwenye kuongea ni ndogo sana. Kwa bima hiyo iandikwe wazi: wakichelewesha mwaka, watalipia kitu kilekile kwa matokeo madogo. Je, aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo? Kama ndiyo sema haraka, kwa sababu homa hiyo inaweza kuifanya koklea ijae mfupa, na uzi ukakosa pa kupita.

Tafuta kadi ya kliniki uangalie chanjo ya nimonia, ile ya wiki ya 6, 10 na 14. Waliopandikizwa wana hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo chanjo lazima ikamilike kabla. Utahitajika pia upigaji picha wa CT kuangalia koklea, na MRI kuthibitisha kwamba mshipa wa fahamu wa usikivu upo. Wapo watoto wachache ambao haupo, na kwao kipandikizi hakifanyi kazi. Picha hizi ombea kibali cha bima sasa hivi, usisubiri dai kubwa. Ni vipimo vya kawaida, ni vigumu kukukatalia.

Kuhusu kuhamia CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii: ulikuwa mzuri kwa mambo mengi, lakini uliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapa haukufikishi. Onana pia na ustawi wa jamii wa hospitali, uwe na barua ya mtendaji wa mtaa. Hawatalipa kifaa, ila wanaweza kupunguza gharama za pembeni.

Baba Salum Lindi

Mimi mwanangu amepandikizwa. Ana miaka sita sasa, yupo darasa la kwanza, jana ameniambia "baba umechelewa". Nilikaa kwenye pikipiki nikashindwa kuizima.

Nikueleze ambayo hukutajiwa. Siku ya upasuaji mtoto hasikii chochote. Kidonda kinaachwa kipone, ndipo baada ya wiki kadhaa kifaa kinawashwa. Kilipowashwa, wangu alilia na kukikwanyua. Usivunjike moyo, kwake ilikuwa mara ya kwanza duniani kukutana na kelele. Halafu kuna kurudi Dar mara kwa mara kurekebishiwa kifaa, na mazoezi ya kuongea. Mwaka wa kwanza nauli ilinimaliza kuliko nilivyotarajia, na Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga nilikosa miadi kabisa. Kwa hiyo kwenye maombi yako ya bima usiishie kwenye upasuaji. Uliza mazoezi, uliza betri, uliza waya na kifaa cha nje kikiharibika ukiwa nje ya dhamana. Cha ndani kinakaa miaka mingi sana. Cha nje ndicho kinachochakaa, na bei yake ni ya mamilioni.

Jingine ni chumvi ya bahari yetu. Huku pwani unyevu unaua mitambo hii. Kila usiku kivue, kifute kwa kitambaa kikavu, kiweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na zile chembe za kukaushia. Mimi nilidharau miezi miwili, kipaza sauti kikafa.

Korosho_Safi

Kiwanja usiuze, na korosho za babu yake msithubutu kuziuza kangomba, yaani kwa walanguzi kabla ya mnada, kwa kuwa mna shida. Tumeshafika Septemba, mnada wa kwanza ni mwezi ujao. Pelekeni chama cha msingi, fedha ije benki, ndipo mpange. Shemeji yangu aliuza kangomba kwa ajili ya ugonjwa, msimu ulipofunguka bei ilikuwa karibu mara mbili.

MamaNasra_Chikongola (baada ya wiki tatu)

Wakuu, nimerudi. Mungu awalipe wote.

Mkataba tuliupata kwa shida, afisa mwenyewe alikuwa hajawahi kuufungua. Ndani kuna kifungu cha vipandikizi vya ndani vinavyowekwa kwa upasuaji, ukomo wake milioni 10 kwa mwaka. Neno sikio halipo, halikukatazwa wala kutajwa. Daktari ameandika barua ya kurasa mbili, hospitali imegawanya profoma kama Mpitia Madai alivyosema, na mwajiri ameandika ya kwake.

Jibu limekuja juzi, safari hii kwa barua. CT wamekubali. Upasuaji, usingizi na wodi wamekubali. Sehemu ya ndani watachangia hiyo milioni 10. Sehemu ya nje na mazoezi wamekataa, wametaja kifungu kilekile cha vifaa saidizi. Kampuni inampa mume wangu mkopo wa mshahara, na babu yake ameahidi fedha ya mnada. Bado panabaki pengo la milioni kadhaa.

Mzee wa Mikindani, shikamoo. Tumejifunza alama kumi na nne. Jana alinijia jikoni, akanivuta gauni, akafanya ya maji. Sikumpa kwa haraka, nilimfanya arudie mara tatu, nilitaka tu kuiona tena.

CT ni Jumanne, tunaondoka Jumapili na basi la alfajiri.

Mpitia Madai

Hongera. Kwa sehemu ya nje wajibu hivi: cha ndani hakina betri, bila cha nje hakifanyi kazi hata sekunde moja, hivyo ni kipandikizi kimoja chenye vipande viwili. Daktari aliandike hilo kwa sentensi moja na kugonga muhuri. Wakikataa, hiyo barua yao peleka TIRA. Na mwajiri aombe kifungu kirekebishwe mkataba ukihuishwa, hata kwa mwanachama mwingine atakayekuja.

Nesi_Kusini

Kadi ya kliniki uibebe. Kwa CT atalazwa kwa dawa ya usingizi, kwa hiyo watakwambia saa ya kuacha kumlisha. Ifuate hiyo saa hata akilia, wasije wakaahirisha.

Baba Salum Lindi

Mama Nasra, nina kopo la kukaushia la ziada na pakiti ya chembe haijafunguliwa. Mwambie kondakta asimame Lindi, nitakuwa stendi nimevaa kofia ya kijani. Salum nitakuwa naye, mkipata dakika mbili binti yako akione kifaa kichwani kwa mwenzake.