Vita vya Ulaya vya zamani na pesa za serikali, mtu anavisomaje?

kijana_wete
Asalaam aleikum jamaa. Mie nipo mwaka wa pili wa historia hapa Unguja, nataka kuandika juu ya vita vya Uingereza na Ufaransa vilivyoanza 1337, vile viitwavyo Vita vya Miaka Mia, lakini si habari za mapanga, nataka kujua nani alikuwa analipa. Ami yangu kashikilia kuwa vita ni mashujaa, mahesabu niwaachie watu wa benki. Hivi msomi wa mambo haya anakaa anafanya nini khasa, na karatasi zenyewe anazipata wapi?

bi_mkunazini
Waaleikum salaam mwanangu. Ami yako mheshimu ila hapo sikubaliani naye hata kidogo. Makarani wa wafalme wa Uingereza waliandika malipo kwenye ngozi zilizoshonwa zikawa ndefu kisha zikakunjwa, Kilatini zaidi, na nyingi zipo mpaka leo kwenye nyaraka za taifa kule Kew, London. Humo unakuta mpiga upinde wa miguu anapata peni 3 kwa siku, mwenye farasi peni 6, askari wa deraya peni 12. Mie zinazonishika zaidi ni orodha za farasi, maana kabla ya safari karani anampitia farasi mmoja mmoja, anaandika mwenyewe nani, rangi gani, bei gani, ili akifia vitani mwenyewe alipwe na mfalme. Ukitulia nazo unajua nani kaenda na nani alikuwa na uwezo. Watunga habari wa zama zile wanakuhesabia askari kwa kukisia tu na wanazidisha mno, daftari la mishahara ndo linawarejesha chini.

yakhe_ngambo
Naunga mkono, na yakhe usiache upande wa madeni. Edward III, mfalme wa Uingereza, alikopa kwa mabenki ya Firenze kule Italia, Bardi na Peruzzi, akatia ushuru mkubwa kwenye sufu ya kondoo inayosafirishwa nje, na bado akashindwa kuwalipa, na yale mabenki yote mawili yakaanguka miaka ya 1340 (yalikuwa na madeni mengine pia, usimtwike yeye peke yake). Halafu mfalme wa Ufaransa akakamatwa kwenye mapigano ya Poitiers 1356, kumkomboa ikatakiwa ekyu, yaani sarafu za dhahabu za Kifaransa, milioni 3, Wafaransa wakatozwa kodi juu ya kodi. Na Uingereza nako kodi ya kichwa, 1377 peni 4, kufika 1380 imekuwa peni 12, mwaka uliofuata watu wakaingia London wakamuua mpaka mweka hazina wa mfalme. Sasa hapo ami aseme pesa si vita!

kijana_wete
Shukran sana wakubwa. Na kwetu huku zama zile zile, kuna chochote?

mtu_wa_mtambwe
Kipo mdogo wangu, tena jirani na Wete kwenu, ila ni cha zamani zaidi, karne ya 11. Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984 zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo, vina majina ya watawala wa huku kama Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu za Fatimiya, watawala wa Misri. Ila daftari la mishahara hatunalo, kwa hiyo kazi yake ni nyengine, ni ya wachimbaji zaidi.

bi_mkunazini
Na usibebe miaka yote mia mwanangu, utazama. Chukua Waingereza walivyouzingira Calais, mji wa bandari wa Ufaransa, 1346 mpaka 1347, karibu miezi 11 ya kulisha na kulipa jeshi sehemu moja. Kilatini anza sasa hivi.

kijana_wete
Calais nimeichukua bi. Kuna anayefundisha Kilatini hapa mjini?