Nimepata muhula mmoja Ujerumani kwa Erasmus, naogopa kurudi nikarudia mwaka. Naombeni ushauri

BintiPongwe:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Tanga, nasoma mwaka wa pili shahada ya mazingira katika chuo kimoja hapa Dar. Nilijaza fomu ya Erasmus, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, bila kutegemea chochote. Juzi nimeitwa ofisini nikaambiwa nimepita. Ni muhula mmoja, Aprili hadi mwisho wa Julai, Chuo Kikuu cha Bayreuth, jimbo la Bavaria. Ada silipi, nauli ipo, na posho kwenye mkataba wangu ni euro 900 kwa mwezi.

Kila mtu ananipa hongera, ila mimi usingizi sipati. Kuna kaka wa idara yetu alikwenda nchi nyingine ya hukohuko kwa mpango huuhuu. Aliporudi, masomo mawili aliyosoma yakakataliwa, akaambiwa hayafanani na ya kwetu. Wenzake wamevaa majoho, yeye yuko darasani na wadogo zake. Mama yangu anauza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni, ndivyo vinavyonisomesha ukiacha mkopo. Mwaka mmoja wa ziada, kwake ni mzigo mkubwa sana.

Halafu kuna boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Nisipokuwepo kusaini, inakuwaje? Na mama mwenyewe hajakataa, ila mjomba amesema binti hajaolewa anakwendaje peke yake kwa watu asiowajua. Tangu siku hiyo mama yuko kimya. Nikimpigia ananiuliza nimekula nini, kisha anaaga.

Nina wiki tatu za kutoa jibu. Waliowahi kwenda, naombeni mniambie ukweli.

Kisiki cha Mvule:

Nenda mdogo wangu. Waliokosa nafasi hiyo ni wengi na walikuwa na sifa.

Ummu Salma:

Hongera sana mdogo wangu. Mimi nilikwenda Bayreuth hiyohiyo, muhula wa Aprili kama wako, kwa hiyo nakueleza niliyoyapitia mwenyewe.

Watu watakutisha na baridi. Baridi inavalika. Kilichotaka kuniangusha mimi ni karatasi, tena karatasi za hapa nyumbani. Kabla ya kuondoka utajaza fomu ya makubaliano ya masomo, wengi wanaiita LA. Inasainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo cha kule. Upande mmoja yanaandikwa masomo utakayosoma kule, upande wa pili yanaandikwa masomo ya kwenu ambayo hayo yatachukua nafasi yake. Huo upande wa pili ndio roho yako. Ukiachwa wazi, au wakikwambia "tutaangalia ukirudi", usipande ndege. Huyo kaka yenu, naamini kabisa, upande ule haukujazwa.

Mimi ulijazwa, na bado niliponea chupuchupu. Nilipofika nikakuta somo moja kati ya niliyochagua linafundishwa kwa Kijerumani, wakati orodha ilisema Kiingereza. Nikachukua jingine. Mabadiliko yanaruhusiwa na yana sehemu yake kwenye fomu, lakini nayo lazima pande zote zisaini upya. Kule walisaini siku ileile. Hapa nyumbani nikatuma barua pepe nne, kimya. Ikabidi nimtumie fomu rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye hosteli. Akaichapisha, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, akasainiwa, akapiga picha, akanirushia. Bila picha ile nisingehitimu na darasa langu. Kwa hiyo kabla hujaondoka tafuta mtu wa benchi. Mtu mmoja unayemwamini, mwenye nakala ya kila karatasi yako.

Jambo la pili ni alama. Kule 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, 5.0 umefeli. Sisi GPA, yaani wastani wa alama, ya 5 ndiyo ya juu. Nilirudi na 1.3 na 1.7, nikiwa na furaha zangu zote. Aliyeipokea karatasi dirishani akaisoma, akavua miwani, akaniambia kwa upole, "Pole binti, hapa utarudia." Nilisimama pale sauti haitoki. Mpaka mhadhiri wangu alipokuja, akaigeuza karatasi ileile na kumwonyesha ufafanuzi wa alama ulioandikwa nyuma. Sasa wewe usingoje dirishani. Omba jedwali la kubadilisha alama lipitishwe na idara kabla ya safari, lisainiwe, uwe nalo.

Na ukifika kule, kuhudhuria darasani hakukuandikishi mtihani. Unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo, na kuna tarehe ya mwisho. Ikipita, hata kama hukukosa kipindi hata kimoja, hukai kwenye chumba cha mtihani. Masomo mengine hayana mtihani, yana insha ndefu wanayoiita Hausarbeit, na huwa inakusanywa miezi ya Agosti au Septemba, wakati wewe umesharudi. Waambie walimu mapema kwamba unaondoka Julai, muafikiane tarehe.

Mwalimu Mstaafu:

Binti, naongeza hapo penye hesabu, maana ofisi nyingi hukosea hapo.

Ulaya muhula mmoja ni krediti 30 za mfumo wao wa ECTS, mwaka ni 60. Kwetu, kwa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka ni krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Sababu ni kwamba krediti moja yetu inahesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yao ni saa 25 hadi 30. Mtu asiyejua ataona somo lako la krediti 5, ataliweka kando ya somo letu la krediti 8 au 12, atasema halitoshi. Kumbe tano zile, ukilinganisha mwaka kwa mwaka, ni kama kumi zetu, na ukihesabu saa ni zaidi ya hapo. Andika hesabu hiyo kwenye barua yako kwa mkuu wa idara. Na usipeleke majina ya masomo tu, peleka muhtasari wa kila somo: mada, saa, vitabu, namna linavyopimwa. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi. Somo linakataliwa kwa sababu waliokaa mezani hawajui ndani yake mna nini, basi.

Kuhusu mkopo, nenda dawati la mikopo la chuo ukiwa na barua ya ufadhili, uliza utaratibu wa anayesoma nje kwa muhula, na jibu lao liwe la maandishi. Neno la mdomo lisikuondoe.

Kaa la Moto:

Mimi naona tofauti. Maliza shahada yako kwanza kwa amani, halafu omba ufadhili wa uzamili, wa DAAD ya Wajerumani au Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ukae miaka miwili mizima. Miezi minne utajifunza nini? Unahatarisha kilichopo mkononi.

Ummu Salma:

Kaka Kaa la Moto, hoja yako naiheshimu, na kama idara yake itakataa kusaini, hata mimi nitamwambia abaki. Lakini haya mawili hayagombani. Anayeomba uzamili akiwa ameshasoma muhula kule, ana matokeo yao na mwalimu wao anayeweza kumwandikia barua, haombi kama mgeni.

Na miezi minne inafundisha. Siku yangu ya kwanza darasani, mhadhara ulipoisha wanafunzi wote wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Nilidhani wamekasirika. Kumbe ndivyo wanavyopiga makofi. Wiki ya sita nikawasilisha utafiti wangu juu ya mikoko ya Rufiji, nilipomaliza wakagonga meza. Sauti ile bado ninayo masikioni.

Mvita Nürnberg:

Salamu kutoka huku. Mimi ni wa Mombasa, naishi Nürnberg mwaka wa tisa huu, na Bayreuth ni kama saa moja tu kwa treni.

Dadangu, nikupe ya pesa, maana hiyo ndiyo huliza watu. Posho haikungoji uwanja wa ndege. Ukifika unaingia chumbani, mwenye nyumba anakupa karatasi, unakwenda nayo kujiandikisha manispaa, na sheria inataka ufanye hivyo ndani ya wiki mbili. Ukishajiandikisha ndipo benki nyingi zinakufungulia akaunti. Wanafunzi wawili tuliowapokea hapa posho yao ya kwanza iliingia wiki ya nne. Wakati huo kodi inadaiwa, amana ya chumba inadaiwa, na tumbo halingoji. Njoo na akiba ya mwezi mzima, hata kama ni ya kuazima kwa jamaa, urudishe posho ikiingia. Na fungu la mwisho mara nyingi hulipwa baada ya kujaza ripoti mwishoni, kwa hivyo usilihesabu ukiwa bado huku.

Omba chumba cha mabweni ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, siku hiyohiyo utakayokubali nafasi. Vyumba vyao ni bei nafuu na huisha mapema. Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 za kurudishiwa dukani.

Kwa ibada na chakula: nyama ya halali utaipata kwenye maduka ya Waturuki, na misikiti mingi huku ni yao, wanapokea watu vizuri. Ila jitayarishe kwa Juni. Maghrib inaingia saa tatu na nusu usiku, Isha karibu na usiku wa manane, na alfajiri haikawii. Mwanzo utachanganyikiwa.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Mji huo mdogo unakijua Kiswahili. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Kiswahili hufanya kongamano lao Bayreuth, mara nyingi karibu na Pentekoste, wanatoka Afrika Mashariki, Ulaya na kwingineko. Utakuwa huko wakati wake. Nenda ukakae. Mimi huenda, na hurudi nyumbani nimeshiba lugha.

Mama wa Watatu:

Mwanangu, mimi nazungumza kama mama. Binti yangu wa kwanza alikwenda kusoma Uholanzi. Kilichoninyima usingizi si heshima yake, nilimlea mwenyewe namjua. Ni kwamba nikifumba macho sioni analala wapi. Mtu ukijua mwanao yuko Morogoro, unaona basi, unaona stendi, unaona nyumba ya shangazi yake. Ulaya nilikuwa naona giza.

Kwa hiyo nenda Tanga, usimalize jambo hili kwa simu. Mpelekee picha ya bweni, jina la mtaa, namba ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, jina la atakayekupokea. Viandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, bandika ukutani jikoni. Kisha mjomba wako usimkwepe. Mwende kwa adabu, mwambie, "Mjomba, nina miadi ubalozini, naomba unisindikize." Mtu mzima akishirikishwa hujiona ana dhamana na safari. Akiachwa nje, atabaki na maneno.

Ummu Salma:

Ushauri wa dhahabu huo, mama. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, katikati ya mji, mjomba akishuka daladala Posta ni mwendo wa miguu. Viza yako ni ya zaidi ya siku 90, kwa hiyo omba miadi leo kama unaweza. Barua ya ufadhili ndiyo inayoweza kusimama badala ya ile akaunti maalumu ya pesa wanayowadai wanaojilipia, usiisahau, kiasi cha kila mwezi kiandikwe waziwazi, na uulize ubalozini kama kiasi hicho kinatosha peke yake.

BintiPongwe:

Nimerudi wapendwa. Samahani kwa kimya cha siku kumi.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara na barua, hesabu ya krediti kama alivyoeleza Mwalimu, na muhtasari wa masomo matano. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Somo moja la udongo akalikataa, akasema letu lina kazi ya maabara na hilo halina. Tukatafuta jingine palepale kwenye kompyuta yake. Akajaza upande wa pili wote kwa mkono wake, akasaini, akagonga mhuri. Jedwali la alama ameomba wiki moja. Dawati la mikopo bado hawajanipa maandishi, kesho narudi.

Nyumbani nilifika Ijumaa. Karatasi ipo ukutani, juu ya jiko la mkaa. Mjomba ameshauliza miadi ni saa ngapi na kama avae kanzu au suruali. Mtu wangu wa benchi nimempata, ni rafiki yangu wa mwaka wa kwanza.

Jana usiku nimemsomea mama majibu yenu yote kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua muda, kisha akaniuliza kitu kimoja tu, ameniambia niwaulize: huko kuna unga wa mahindi, na unasongeka?

Mvita Nürnberg:

Mwambie mama upo, maduka ya Waturuki wanauuza. Wewe chagua uliosagwa laini, ule wa chengachenga haushiki vizuri. Maji yachemke sana, na utie unga kidogokidogo. Unasongeka.