Kujumlisha anaweza, kutoa kunamshinda

Mama K: Habari zenu wadau. Binti yangu yuko darasa la kwanza. 5 + 3 anajibu vizuri kwa vidole, ila 8 − 3 ni kilio. Jana kahesabu nane, kahesabu na tatu, kaandika 11. Nimsaidieje?

Mwalimu wa Awali: Pole mama. Mimi natumia vizibo vya soda. Apange 8 mkekani, kisha 3 avitie mwenyewe kwenye kikombe cha bati, avisikie vikigonga. Vilivyobaki mkekani ndiyo jibu. Wengi tunamwekea mtoto marundo mawili, la 8 na la 3, naye anayajumlisha; kumbe vile 3 vimo humo humo ndani ya 8! Alama ya − isubiri kwanza, mikono ielewe.

Baba Pacha: Wangu walielewa kwa maandazi. Yako 6, dada kala 2, mangapi sahanini?

Mama K: Nimejaribu jioni hii kwa maharage, vizibo sina. Kwenye 10 − 4 alifunika kikombe kwa kiganja akasema "sita" kabla hata sijamwambia ahesabu. Asante sana mwalimu. Kesho je, nimpe 12 au tubaki ndani ya 10?

Mwalimu wa Awali: Bakini ndani ya 10 wiki hii.