Fedha tulikuwa nazo: malalamiko yangu kuhusu akiba ya viza ya mwenza wa Uingereza, na kuhusu aliyejiita mshauri

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na nimejizuia kwa wiki tatu nzima ili hasira hiyo isinifanye nikosee hata tarakimu moja. Mke wangu amenyimwa viza ya kuja kuishi nami Uingereza. Barua tuliyoipokea Novemba 2025 haisemi kwamba ndoa yetu ni ya uongo, wala kwamba Kiingereza chake hakitoshi, wala kwamba sina nyumba ya kumweka. Inasema kwamba akiba yetu ilishuka chini ya kiwango kwa siku kumi na moja za mwezi wa Mei, na kwa sababu hiyo tumehesabiwa kuwa watu wasio na uwezo.

Kwa wasiojua kanuni yenyewe, nitaieleza kwanza, kwa kuwa wengi humu wanaulizia jambo hili na wanajibiwa kwa kukisia. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, raia au mkazi wa kudumu wa Uingereza anayetaka kumleta mke au mume anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kuanzia Julai 2012 hadi siku hiyo, kiwango kilikuwa pauni 18,600. Sisi tulifunga ndoa Tanga mwezi Desemba 2023, wakati mshahara wangu ulikuwa unavuka kiwango cha zamani bila shida yoyote, lakini nilikuwa nimetoka kubadilisha mwajiri na nikawa nasubiri nitimize miezi sita kazini ili nipeleke maombi kwa njia iliyo rahisi kuthibitisha. Miezi sita ilipotimia, kiwango kilikuwa kimepandishwa kwa pauni 10,400 kwa mkupuo mmoja.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Napata pauni 24,600 kwa mwaka, na nazipata kwa kufanya kazi saa zote za mkataba, zikiwemo za usiku. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali hiyo hiyo kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, maana yake mtu aliyefanya saa 37 na nusu kila wiki bila kukosa hata wiki moja alifikisha karibu pauni 23,800 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuajiriwa kihalali, kwa muda wote wa kazi, kwa mshahara ambao sheria ya nchi inaukubali, na bado akaambiwa kwamba hana haki ya kuishi na mke wake. Kamati ya wataalamu inayoishauri serikali hiyo kuhusu uhamiaji ilitoa ripoti Juni 2025, na ikaonyesha kwamba kiwango cha kati ya pauni 23,000 na 25,000 kingeweza kutosha kwa familia kujitegemea. Hadi naandika uzi huu, kiwango kimebaki pale pale.

Mke wangu ni mwalimu wa sekondari mwenye shahada na ajira ya kudumu. Mshahara wake wa Tanzania hauhesabiwi hata senti moja akiwa anaomba kutoka nje. Kinachoweza kuhesabiwa kutoka kwake ni akiba, na ndiyo maana tuliingia katika njia hii ya akiba ambayo watu huisimulia kana kwamba ni mlango wa nyuma kwa wenye mishahara midogo.

Hesabu yake iko hivi. Unachukua kiasi kinachopungua kwenye mshahara ili ufike 29,000, unakizidisha mara mbili na nusu kwa kuwa viza hutolewa kwa kipindi cha kama miaka miwili na nusu, kisha unajumlisha pauni 16,000. Mimi napungukiwa pauni 4,400. Mara mbili na nusu ni 11,000. Ukijumlisha 16,000 unapata pauni 27,000, ambazo kwa shilingi zetu zinakaribia milioni 90. Asiye na mshahara wowote anatakiwa aonyeshe pauni 88,500. Kabla ya Aprili 2024 mtu huyo alihitaji pauni 62,500, na hata hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Naomba mzitazame vizuri hizo 16,000, kwa sababu ndizo zinazoniuma zaidi. Mtu anayepungukiwa pauni moja tu ya mshahara kwa mwaka mzima, ili azibe pengo la pauni hiyo moja, anatakiwa awe na akiba ya pauni 16,002 na nusu. Kiasi hicho kimetokana na kanuni za misaada ya serikali, ambako mwenye akiba inayozidi pauni 16,000 kwa kawaida hastahili kupewa msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato. Lakini anayekuja kwa viza ya mwenza hupewa viza hiyo kwa sharti la kutogusa fedha za umma. Mke wangu asingeruhusiwa kuomba msaada huo hata kama angefika akiwa hana kitu. Wamechukua mpaka wa msaada ambao amekatazwa, wakaufanya kuwa ukuta wa kumzuia asiingie. Na wenzetu waliojiajiri, madereva wa teksi na wenye saluni, wako pabaya zaidi, kwa kuwa mapato ya kujiajiri hayaruhusiwi kuchanganywa na akiba kabisa. Ama yafike 29,000 yenyewe, ama akiba ifike 88,500 yenyewe.

Sasa nieleze tulivyozipata hizo fedha, maana hapa ndipo nilipoona kwamba kanuni hii iliandikwa na watu ambao mali zao zote ziko benki.

Mimi nilikuwa nimeweka pauni 14,600 kwa miaka minane ya kazi. Mke wangu alikuwa na kiwanja alichokinunua mwenyewe kabla hatujaoana, kwa mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, kama Watanzania wengi wanavyonunua. Aliuza kiwanja hicho Januari 2025. Kanuni zinasema kwamba fedha za mauzo ya nyumba au ardhi zinaweza kuhesabiwa pamoja na muda uliomiliki mali hiyo, kiasi kwamba usilazimike kuzikalia miezi sita mingine benki, mradi uthibitishe kwa nyaraka rasmi za usajili kwamba mali ilikuwa yako tangu mwanzo wa miezi hiyo. Mke wangu hakuwa na hati. Alikuwa na mkataba, mashahidi, stakabadhi na muhuri wa mtaa, vitu ambavyo kwetu vinatosha kumpeleka mtu mahakamani na akashinda, lakini havikuwa usajili wa ardhi unaotakiwa. Kwa hiyo miaka yote aliyomiliki kiwanja chake haikuwa na uzito, na tukaanza kuhesabu miezi sita upya tangu siku fedha zilipoingia. Baada ya gharama zote zilibaki pauni 9,100.

Kiasi kilichobaki, pauni 3,700, kilitoka kwa kaka yangu aliyeko Muscat. Zawadi inakubalika, mkopo haukubaliki. Tuliambiwa kaka aandike barua, naye akaandika kwa moyo mweupe kwamba amemsaidia mdogo wake na kwamba Mungu akimjalia mdogo wake atamrejeshea. Kila mmoja humu anajua maana ya maneno hayo katika familia zetu. Ni adabu ya kupokea na kutoa, hakuna anayeshika daftari la madeni. Lakini afisa akisoma neno "atamrejeshea" anaona mkopo, na zawadi yote inafutwa. Niliigundua sentensi hiyo mimi mwenyewe usiku mmoja nikiwa zamu, nikampigia kaka, akaiandika barua upya. Mshauri niliyemlipa alikuwa amekwisha kuipitisha.

Hapo ndipo napofika kwa huyo mshauri. Simtaji jina. Ni mtu anayezungumza Kiswahili safi, anaishi Uingereza, anafanya kazi zake kwa WhatsApp, na amesifiwa katika makundi mengi ya Watanzania na Wakenya. Alinitoza pauni 650. Tarehe 3 Februari 2025 akaunti yangu ya akiba ilikuwa na pauni 27,400, na yeye akaniambia niiache hadi Agosti. Mwezi wa Mei mama yangu aliugua ghafla, akahamishwa kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Kabla ya kugusa fedha nilimwuliza mshauri kwa maandishi, na jibu lake ninalo hadi leo: kinachotazamwa ni salio la siku ya kwanza na la siku ya mwisho, na katikati mtu anaweza kutoa mradi arudishe. Nilitoa pauni 900 tarehe 14 Mei. Nilizirudisha zote tarehe 25 Mei.

Jibu lile lilikuwa la uongo. Kanuni inataka kiasi unachokitegemea kiwe kimekaa mikononi mwenu kwa miezi sita mfululizo, kwa hiyo salio linalohesabiwa ni lile la chini kabisa lililowahi kuonekana katika kipindi chote. Salio langu la chini lilikuwa pauni 26,500. Ukitoa 16,000 zinabaki 10,500, ukigawanya kwa mbili na nusu unapata 4,200, nami nilihitaji 4,400. Tumetenganishwa kwa pauni 200 za mwaka, chini ya malipo yangu ya zamu mbili.

Na hata hilo lingeweza kuokolewa. Nilikuwa na akaunti nyingine ndogo ya akiba yenye pauni 650, niliyoiweka kwa ajili ya nauli ya mke wangu, na haikuguswa muda wote huo. Akaunti zaidi ya moja zinaruhusiwa kujumlishwa. Pauni 26,500 na 650 ni 27,150, na tungekuwa tumevuka. Nilimpelekea mshauri taarifa za akaunti hiyo pamoja na nyingine zote, akazirudisha, akasema nyaraka zikiwa nyingi humchanganya afisa. Nilimwamini kwa sababu alizungumza kama mtu anayejua, na kwa sababu alinijali kwa maneno ya kindugu kila tulipoongea. Barua ya kukataliwa ilipofika, nilimtumia picha yake. Aliisoma, alama za kusomwa nikaziona, na tangu siku hiyo hajapokea simu yangu.

Ada ya maombi, pauni 1,938, imepotea. Tozo ya huduma za afya, pauni 3,105, hurejeshwa viza inapokataliwa, na yetu imerejeshwa. Mke wangu alikuwa amekwisha kumweleza mkuu wa shule kwamba angeondoka mwisho wa mwaka. Amerudi kumwambia kwamba haondoki tena, mbele ya walimu wenzake waliokuwa wameanza kumchangia zawadi ya kumuaga. Hilo la kusimama pale na kueleza, alilifanya peke yake, mimi nikiwa mbali, na sijui nitalilipa kwa nini.

Baadhi yenu mtaniambia kwamba kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Ni kweli. Februari 2017 majaji walikubali kwamba kiwango kinaweza kuwasababishia dhiki maelfu ya wanandoa, wakasema maslahi ya watoto hayakuzingatiwa ipasavyo, lakini hawakukifuta kiwango chenyewe. Baada ya hukumu hiyo kanuni ziliongezewa nafasi ya kutazama vyanzo vingine vya fedha pale ambapo kukataa kungeleta madhara makubwa yasiyo ya haki. Sisi hatuna mtoto bado, na dhiki ya watu wazima wawili waliotenganishwa ni vigumu kuifikisha kwenye kipimo hicho.

Tumeanza upya. Kaka ameongeza zawadi nyingine, safari hii kwa barua niliyoisoma neno kwa neno kabla hajaitia saini. Tangu tarehe 2 Desemba 2025 akaunti ina pauni 28,300, na hakuna kitakachotoka humo hadi Juni. Mama akiugua tena, nitakopa kwa wafanyakazi wenzangu. Taarifa za benki nitazichapisha ndani ya siku 28 kabla ya maombi, na benki igonge muhuri kila ukurasa.

Kuhusu mshauri, nimegundua kwamba kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila kusajiliwa au kuwa wakili ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1999, na kwamba kuna mamlaka ya umma yenye orodha ya waliosajiliwa, orodha ambayo yeyote anaweza kuitazama bure kwenye intaneti. Jina lake halimo. Ninaandaa malalamiko rasmi pamoja na ujumbe wake wote. Kama kuna mwingine humu aliyeambiwa habari ya "salio la siku ya kwanza na la siku ya mwisho", naomba aniandikie kwa faragha, na aambatanishe tarehe na kiasi alichotozwa, kwa sababu malalamiko ya watu watano yatasomwa kwa uzito kuliko ya mtu mmoja.