Anavuka Mto kwa Kitumbua

Kikundi: UKOO WETU PANGANI 🥥

Shangazi Mwajuma: Asalaam alaykum. Nina kaswali kadogo.

Hamisi: Waalaykum salaam mama. Kaswali kako kadogo huwa tunakamaliza Adhuhuri.

Shangazi Mwajuma: Yule Idi, fundi wa mashine za boti anayekaa Bweni. Kwao ng'ambo hakuna vitumbua?

Hamisi: Vipo. Kuna mama anakaanga pale pale pantoni inaposhusha abiria.

Shangazi Mwajuma: Basi mbona kila asubuhi namwona anavuka na pantoni ya kwanza, hana mzigo wala safari, moja kwa moja mezani kwa Rehema? Nimempigia hesabu. Vitumbua vitano, nauli ya kuja, nauli ya kurudi. Huyo haletwi na njaa.

Rehema: Shikamoo shangazi. Ni mteja tu.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Mteja hula akaenda zake. Huyu anakula kimoja, vinne kavishika mkononi mpaka gazeti linalowa mafuta, yuko tu anauliza mchele umepanda bei ama la.

Hamisi: Hivyo vinne huwa anatupa sisi bodaboda. Jamani msituharibie 😂

Zuhura Maskati: Yaani mdogo wangu anapendwa na mie huku sina habari?? Picha!

Mama Rehema: Mwacheni mtoto. Mmesahau alivyorudi kutoka Dar? Kutwa kalala kageukia ukutani, simu kazima.

Rehema: Ngoja niseme mara moja, nina tui jikoni. Benki iliponipunguza nilikuja hapa na viatu vya visigino na vyeti kwenye faili. Nimewapa watu mikopo ya biashara miaka yote ile, mwenyewe sijui hata kukaanga. Vile vitumbua vyangu vya mwanzo mnavikumbuka. Vinashika chini, navikwangua kwa kijiko, vinatoka makombo. Watu wananunua kwa huruma wanatupia kuku. Idi akanunua makombo, akakaa kwenye benchi akayala yote na chai ya rangi. Sikumuuliza kitu. Kesho yake akaja na chuma changu kakisugua kwa mchanga, kakiunguza na mafuta usiku kucha, akaniambia chuma kipya hakipikiwi hivi hivi. Tangu siku hiyo hakishiki.

Mama Rehema: Kumbe ni yeye! Mimi nilikuwa nakwambia ni ile iliki yangu.

Rehema: Naye alikuwa nahodha wa boti za watalii Unguja. 2020 corona ilipoingia wageni wakakatika, hoteli ikafunga, akarudi kwao na sanduku la spana. Basi tunazungumza. Hayo tu.

Zuhura Maskati: "Hayo tu" 😂😂

Baba Mdogo Bakari: 🎤 Ujumbe wa sauti (6:48)

Hamisi: Mjomba Bakari, nani ana bando la kusikiliza hiyo?

Zuhura Maskati: Mie nimesikiliza. Dakika tano ni jogoo na habari za babu. Halafu anasema huyo Idi huenda kwake kila Ijumaa kumkagulia mashine ya ngalawa.

Mama Rehema: Shemeji, ngalawa yako si ya tanga?

Baba Mdogo Bakari: NDIYO. HAINA MASHINE. NILIDHANI ANASOMEA.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi.

Baba Mdogo Bakari: JANA KAJA BAADA YA ASRI. KANIULIZA HALI. KANIULIZA BEI YA MBAO ZA MWEMBE. MWISHO KANIACHIA BAHASHA MKEKANI AKAKIMBILIA PANTONI. SIJAIFUNGUA NILIJUA NI MADAI.

Mama Rehema: Ifungue!

Baba Mdogo Bakari: MIWANI.

Baba Mdogo Bakari: NI POSA.

Zuhura Maskati: 💃💃💃💃

Shangazi Mwajuma: Barua ya posa muoaji anajipelekea mwenyewe kama bili ya maji? Mshenga wake yuko wapi?

Hamisi: …

Shangazi Mwajuma: Hamisi.

Hamisi: Mama, mshenga ni mimi. Nilikubali. Siku ilipofika nikamwogopa mjomba Bakari, nikamwambia Idi nina abiria wa Mwera.

Shangazi Mwajuma: Mtoto wangu mwenyewe anakuwa mshenga wa upande wa pili! Kwa malipo gani?

Rehema: Vitumbua vinne kwa siku.

Mama Rehema: Sasa Rehema, na ile kazi ya Tanga mjini uliyopigiwa simu?

Rehema: Nilishawajibu hapana, mama. Wanataka niwe napita madukani nauza bima. Asubuhi hapa naishiwa kabla pantoni haijarudi mara ya pili, na shule wameanza kuagiza. Sihami.

Shangazi Mwajuma: Na lile daraja wanalojenga likiisha, huyo Idi atakuwa anakuja mara ngapi kwa siku?

Hamisi: Likiisha atahamia kabisa, mama.

Baba Mdogo Bakari: TULIENI. MAHARI ANATAJA BIBI HARUSI. REHEMA WASEMAJE.

Rehema: Msahafu, na chuma cha pili cha vitumbua. Kile kizito cha kusubu, cha matundu mengi, sitaki hivi vya bati. Na ngalawa ya baba mdogo atie mashine kweli.

Zuhura Maskati: Na tiketi yangu ya kutoka Maskati!

Hamisi: Na mshenga kofia ngumu mpya.

Baba Mdogo Bakari: MSHENGA NYAMAZA. NJOO UCHUKUE MAJIBU, NA UJE NA VITUMBUA.